Laki nane na nusu kwa laptopu mpya, au laki tisa na nusu kwa mtumba?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Tororo. Nina shilingi 1,000,000 na haitazidi hapo. Duka moja Kampala lina laptopu mpya, iko ndani ya boksi: Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi ya eMMC GB 64, dhamana ya mwaka mmoja, bei 850,000. Duka la pili linauza HP EliteBook 840 G5 ya mtumba: Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256, dhamana ya mwezi mmoja, bei 950,000. Kazi zangu ni kuandika mitihani kwa Word, kujaza alama kwenye Excel, kuonyesha slaidi kwa projekta ya shule na mikutano ya Zoom. Wenzangu wananionya kwamba kununua mtumba ni kununua ugonjwa wa mtu mwingine. Ni ipi inayostahili pesa yangu?

Jibu: Mwalimu, hiyo mpya iache. EliteBook ndiyo inayostahili pesa yako, ila kwa masharti mawili: ipite ukaguzi wa saa moja nitakaoueleza, na muuzaji akupunguzie bei ubakiwe na akiba ya betri. Isipopita, ondoka. Kampala haiishiwi EliteBook.

Wenzako hawajakosea kusema mtumba huja na ugonjwa. Lakini magonjwa mengi ya laptopu za kiofisi hutibika kwa bisibisi: betri iliyochoka, SSD (hifadhi ya chipu, isiyozunguka) iliyozeeka, kibodi yenye vitufe vilivyokufa, feni iliyojaa vumbi. Ile mpya haina ugonjwa, ina upungufu wa kuzaliwa. Kwenye mashine nyingi za aina hiyo, prosesa (ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) na hifadhi vyote vimelehemewa kwenye bodi kuu. Siku ukiona haikutoshi, fundi atakutazama tu. Ukishika laptopu yoyote ya bei nafuu, tenga kwanza vitu utakavyoweza kubadilisha baadaye na vile utakavyoishi navyo mpaka mwisho, kisha lipia hivi vya pili. Betri mbovu ni hoja ya kushusha bei. RAM ya GB 4 iliyolehemewa ni sababu ya kutonunua.

Kwa nini N4020 haikufai

Celeron N4020 ilitoka mwishoni mwa 2019 ikiwa na viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi), na imepangiwa kula wati 6 tu. Prosesa zinazopatikana sana kwenye 840 G5 ni i5-8250U na i5-8350U, za 2017, zenye viini 4 vinavyobeba kazi 8 kwa wakati mmoja kwa wati 15. Yaani i5 ni kongwe kwa miaka miwili, na bado kwenye vipimo vya kufanya kazi nyingi kwa pamoja inaizidi hiyo Celeron zaidi ya mara tatu. Neno "mpya" kwenye boksi linahusu plastiki ya nje.

Prosesa peke yake ungeweza kuivumilia kama ungekuwa unaandika tu. Kinachokera ni RAM. Windows 11 ikiwaka, kabla hujafungua chochote, inakula kati ya GB 2.5 na 3. Fungua Zoom, kivinjari chenye kurasa tano, na faili la alama za madarasa manne, RAM yote imekwisha. Ikiisha, Windows haisimami. Inaanza kuhamishia vitu kwenye hifadhi na kuvirudisha kila unapovihitaji. Kwenye SSD nzuri hutagundua sana. Kwenye eMMC utagundua: unabofya Excel, kiduara kinazunguka, sauti ya Zoom inakatika, na wenzako wanakuambia "mwalimu, hatukusikii" wakati mtandao wako hauna tatizo lolote.

eMMC ni chipu ya hifadhi ya aina iliyozoeleka kwenye simu za bei ya chini. Husoma MB 150 hadi 300 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA, aina ya zamani, hufika karibu 550 na ya NVMe, aina mpya zaidi, kwa kawaida hupita 1,500. Pengo ni kubwa zaidi kwenye faili ndogo ndogo, ambazo ndizo Windows inazozichokonoa muda wote.

Halafu kuna nafasi. GB 64 za kiwandani huonekana kwenye Windows kama 59 hivi, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Ondoa Windows yenyewe, akiba inayojitengea na Office, unabaki na GB 20 na kidogo. Masasisho makubwa ya Windows yanataka nafasi ya kupakuliwa na nafasi nyingine ya kufunguliwa, na hapo ndipo mashine hizi hukwama. Mwaka wa kwanza unafuta picha, wa pili unafuta programu, wa tatu sasisho linagoma kabisa na laptopu inabaki bila viraka vya usalama. Muuzaji atakuambia kwamba inakidhi masharti ya Windows 11. Hasemi uongo: Microsoft inataka RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Hicho ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa mlangoni, na kufanya kazi ndani ni habari nyingine.

Nisiionee. Mashine hii kwa kawaida haina feni, kwa hiyo haipigi kelele na haivuti vumbi, ni nyepesi, betri yake ni mpya na kwa matumizi mepesi inaweza kukaa saa 6. Anayetaka kuandika na kusoma PDF tu, faili moja baada ya jingine, ataridhika nayo. Kwa orodha ya kazi uliyoniandikia, hapana.

Kusoma jina la prosesa

Kwenye maduka ya Kampala utasikia "Core i7 hii!" kana kwamba maneno hayo yanatosha. Hayatoshi. Baada ya i3, i5 au i7 kuna namba, na mwanzo wa namba hiyo ndio kizazi. i5-8250U ni kizazi cha 8. i5-1135G7 ni cha 11. i7-3520M ni cha 3, ya 2012, yenye viini 2, na i5 ya kizazi cha 8 inaiacha mbali licha ya hiyo 7 yake. Herufi U mwishoni maana yake ni prosesa ya kubana umeme, ya kawaida kwenye laptopu nyembamba.

Kwako wewe mstari wa mpaka ni kizazi cha 8. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel Core inaanzia kizazi hicho, isipokuwa prosesa chache sana za nyuma yake. Ndiyo maana EliteBook 840 G3 yenye kizazi cha 6 na G4 yenye cha 7 zimeshuka bei. Mafundi wanaweza kuzipachika Windows 11 kwa kuzunguka ukaguzi, na itawaka vizuri tu, ila Microsoft haiahidi kwamba masasisho yataendelea kufika. Kwa anayejua Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, G4 ni ununuzi mzuri. Kwa mwalimu anayetumiwa mafaili ya Excel na ofisi, vuka mstari huo.

Tahadhari: jina "840 G5" halitoshi. Baadhi ya G5 zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7. Tena maandishi yanayoonyesha prosesa ndani ya Windows yanaweza kuchezewa, wapo wanaoandika i7 pale palipo na i3. Pa kuamini ni BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows. Zima mashine, iwashe huku ukigonga Esc mara kwa mara, kisha F10. Ukurasa wa taarifa za mfumo utakuonyesha prosesa, kiasi cha RAM na namba ya mfululizo (serial number) ya mashine. Kwenye Dell ni F2, kwenye ThinkPad ni F1. Linganisha hiyo namba na iliyoandikwa chini ya laptopu. Zikitofautiana, kifuniko au bodi kuu imetoka kwenye mashine nyingine.

Saa moja dukani

Nenda asubuhi siku ya kazi, wakati duka halijajaa. Beba flashi uliyoweka programu ya CrystalDiskInfo ile isiyohitaji kusakinishwa, earphone, na simu yenye bando la kutosha. Muuzaji akikuambia hana muda wa mambo hayo, umeshapata jibu lako.

Anza kwa betri, kwa sababu jaribio lake linataka muda. Chomoa chaja mara tu unapofika, uandike asilimia. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Windows itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na Full Charge Capacity, yaani uwezo wake leo. Betri ya 840 G5 ni ya Wh 50, kwa hiyo ripoti itasema karibu mWh 50,000. Leo ikiwa 35,000, betri imebaki na asilimia 70. Kazi za Word na kivinjari hula wati 8 hivi. Gawa 35 kwa 8, unapata saa 4 na dakika chache. Hesabu hiyo ndogo ni ya kuaminika kuliko "inakaa saa sita, boss".

Zaidi ya asilimia 80, shukuru. Kati ya 60 na 80, nunua lakini bei ishuke. Chini ya 60, hesabu betri mpya ndani ya bei tangu sasa. Ukikuta uwezo wa leo ni sawasawa na wa mwanzo na mizunguko ya kuchaji (Cycle Count) ni sifuri kwenye mashine ya 2018, huenda betri hiyo imebadilishwa kwa ya kuigiza, na namba zake usiziamini. Hapo tegemea jaribio la pili: acha video ichezwe mtandaoni bila chaja kwa nusu saa, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Ikishuka asilimia 12 hadi 15, uko salama. Ikishuka zaidi ya 25, betri hiyo haifiki hata saa mbili.

Wakati video inaendelea, weka kiganja chini ya mashine usikie joto. Feni inatakiwa kuzunguka kwa sauti ya upepo, bila kukwaruza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, nenda Performance, uangalie kasi ya prosesa. Ikishuka chini ya GHz 1 na kung'ang'ania hapo huku kazi ikiwa nyingi, kuna kitu: ama grisi ya kupoza prosesa imekauka, jambo la kawaida baada ya miaka mitano na dawa yake ni ndogo, au, kama umeshairudisha chaja, mashine haiitambui. Hili la pili ni maarufu kwenye Dell. Chaja zake zina pini nyembamba katikati inayoitambulisha kwa mashine, na pini hiyo ikivunjika, laptopu hukataa kuchaji betri na hujipunguzia kasi. Watu wengi wameuza Dell nzima kwa hasara kwa ajili ya chaja mbovu.

Hapo hapo kwenye Task Manager gusa Memory. Itakuambia RAM ni GB ngapi na nafasi ngapi zimetumika. "1 of 2" ni habari njema: GB 8 ziko kwenye kipande kimoja na nafasi ya pili iko wazi. Usinunue ya GB 4 kwa matumaini ya kuongeza kesho, maana bei ya RAM imepanda dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye mashine za akili mnemba. Chukua yenye 8 tayari.

Chomeka flashi, fungua CrystalDiskInfo. Utaona afya ya SSD kwa asilimia na saa ilizofanya kazi. Usishtuke ukiona saa 8,000: mtu wa ofisi anayetumia laptopu saa 8 kwa siku 250 za mwaka anazifikisha kwa miaka minne. Afya ya asilimia 85 kwenda juu inatosha. Rangi ya njano au nyekundu, dai SSD nyingine. Na kama ndani umewekwa diski ya zamani inayozunguka badala ya SSD, hiyo siyo bidhaa uliyotangaziwa.

Skrini: fungua ukurasa mweupe mtupu, ongeza mwanga mpaka mwisho. Madoa meupe ya mviringo yanatokana na kubanwa kwenye shehena, hayaondoki. Hakikisha ni pikseli 1920 kwa 1080. Kwenye 1366 kwa 768 orodha yako ya alama itaonyesha mistari michache na kila saa unasogeza juu na chini. Kisha itazame kutoka pembeni. Zipo EliteBook zilizowekewa skrini ya faragha, iliyotengenezwa ili jirani kwenye ndege asisome kazi yako; kinga hiyo ikiwa imewashwa, ukiikalia kiubavu huoni kitu, na hata mbele huonekana hafifu. Haijaharibika, ndivyo ilivyo. Walimu wanne wakitaka kuikusanyikia waangalie matokeo, mtagombania katikati.

Kibodi, fungua Notepad ubonyeze kila kitufe. Angalia kama kuna stika juu ya herufi: mitumba mingi hutoka Ujerumani, Ufaransa au nchi za Skandinavia, na chini ya stika herufi zimepangwa tofauti: kwenye ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana nafasi, kwenye ya Kifaransa ni A na Q, na Z na W. Utaizoea, lakini stika hubanduka, kwa hiyo iwe hoja ya bei. Bawaba: shika kona moja ya skrini, fungua na kufunga polepole, sikiliza mlio wa plastiki kuvunjika. Weka mashine iliyofungwa juu ya meza tambarare. Ikiyumba, au padi ya kugusia ikiwa imeinuka au haibonyezeki, huenda betri imevimba. Usibembelezwe hapo, betri iliyovimba inaweza kuwaka moto, na inabadilishwa kabla hujalipa.

Yaliyobaki ni ya haraka: kamera, maikrofoni, spika, earphone, kila tundu la USB, Wi-Fi kupitia simu yako.

Kufuli lisiloonekana

Hapa ndipo wanunuzi huumia, kwa sababu mashine inaonekana nzima siku ya kununua na inakufa miezi mitatu baadaye.

Laptopu za kiofisi ziliwahi kuwa mali ya kampuni, na kampuni huzifunga kwa njia tatu. Ya kwanza ni nenosiri la BIOS. Ulipobonyeza F10, kama iliomba nenosiri na muuzaji halijui, hutaweza kubadilisha mpangilio wowote wa ndani, na kwa EliteBook kuliondoa si kazi ya kutoa betri ndogo ya saa kama kwenye kompyuta za zamani. Iache.

Ya pili ni Absolute, ambayo zamani iliitwa Computrace: programu ya kufuatilia laptopu zilizopotea, inayokaa ndani ya BIOS yenyewe. Kubadilisha SSD hakuifuti. Kwenye BIOS ya HP nenda Security utafute Absolute. Ikisema Inactive au imezimwa kwa kudumu, sawa. Ikisema Active, mwenye mali anaweza kuifunga akiwa ng'ambo, na wewe huna wa kumlilia.

Ya tatu ndiyo yenye hila zaidi. Kampuni husajili namba ya laptopu kwa Microsoft ili kila Windows inaposakinishwa upya na kuunganishwa intaneti, ukurasa wa kampuni utokee na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Mafundi wanajua kulikwepa hilo kwa kusakinisha bila intaneti. Mashine inauzwa, inafanya kazi, mpaka siku utakayoisafisha kwa sababu ya kirusi, na jina la kampuni usiyoijua linakutazama. Dawa ni kufanya kipimo hicho dukani: ukisharidhika na mengine yote, mwambie muuzaji airudishe Windows mwanzo, nawe uianzishe kwa intaneti ya simu yako. Inachukua kama saa moja nyingine, kwa hiyo nenda ukanywe chai huku ikiendelea. Ikikupeleka kwenye kutaja nchi, kibodi na akaunti yako bila kutaja kampuni yoyote, iko huru.

Ikishawaka, fungua Command Prompt uandike slmgr /xpr. Kijisanduku kikisema imeidhinishwa kwa kudumu, vizuri. Leseni ya Windows Pro ya mashine hizi huwa imo ndani ya BIOS. Kikitaja tarehe ya kuisha, umewekewa leseni ya ujanja ujanja ambayo kwa kawaida ni ya siku 180, na programu zinazofanya ujanja huo mara nyingi huja na virusi. Office ya bure ya fundi ni vivyo hivyo. LibreOffice ni bure kihalali na inafungua Word na Excel zako za kawaida. Itakusumbua zaidi kwenye mafaili yenye makro, yaani amri za kujiendesha.

Bei na karatasi

Jitahidi ufike 850,000 ubaki na 150,000 ya betri au chaja. Hoja unazo tayari: asilimia ya betri, stika, mikwaruzo. Taja namba, usiseme tu "punguza". Mfanyabiashara anayeona umesoma ripoti ya betri huacha maneno mengi.

Chaja iwe ya wati 65. Soma maandishi yake: volti 19.5 zidisha kwa ampea 3.33 unapata 65. Iliyoandikwa 2.31 ni ya wati 45. Inafanya kazi, ila polepole.

Risiti iwe ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, ikiwa duka limesajiliwa kwa VAT, na kwa vyovyote iandikwe modeli, namba ya mashine, RAM, SSD, na dhamana kwa siku. Omba miezi mitatu badala ya mmoja, wengi hukubali. Karatasi hiyo pia ndiyo utakayowaonyesha polisi wakikusimamisha na laptopu kwenye basi. Mtu anayekuuzia mtandaoni na kutaka umtumie hela kwa simu kabla hujaishika mashine, muache.

Ukikosa G5 nzuri, zipo ndugu zake wa kizazi hicho hicho: Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine inayochomolewa kwa nje bila kuzima mashine, na kwa shule yenye umeme wa kukatika hiyo ni neema. Udhaifu wake ni tundu la USB-C la kuchajia: chaja ikilegea au ikikatakata ukiitikisa, pita.

Na kama roho yako haitulii ila na mpya, angalau subiri uongeze pesa upate yenye Intel N100, RAM GB 8 na SSD ya kweli ya GB 256. N100 ilitoka mwanzoni mwa 2023, ina viini 4, na inakaribiana na i5-8250U huku ikila wati 6. Hiyo ni mashine halali. Tahadhari mbili: matangazo ya "RAM 8+8", ambapo nane ya pili ni hifadhi iliyokopwa, na Windows ya hali ya S, inayokubali programu za duka la Microsoft peke yake. Hali ya S unaitoa bure kwenye mipangilio, lakini ukishaitoa huirudishi.

Ukifika nyumbani

Tororo ni mji wa radi. Mvua ikianza kunguruma, chomoa chaja ukutani na waya wa mtandao pia kama upo. Betri ndiyo itakayokuvusha. Chaja zenyewe zinavumilia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo hauziui, kinachoziua ni mshtuko wa umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa, rudisha dakika chache baada ya taa kutulia. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani. Kwa waya wa laptopu iwe ya ampea 3. Ya 13 itawasha mashine vile vile, lakini waya utaungua kabla yake.

Kama laptopu itakaa muda mwingi kwenye chaja, ingia BIOS: HP nyingi za kiofisi zina mpangilio wa kulinda betri unaozuia kujaa kupita asilimia 80. Uwashe.

Jambo la projekta uliangalie kabla hujasafiri. 840 G5 ina tundu la HDMI na haina la VGA. Projekta nyingi za shule bado ni za VGA, ile plagi ya buluu yenye pini 15. Kagua yenu. Ikiwa ni hiyo, nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA siku hiyo hiyo na ukijaribu dukani kwa skrini yoyote ya kompyuta ya mezani: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate. VGA haibebi sauti, kwa hiyo siku ya kuwasikilizisha wanafunzi fasihi simulizi, beba spika.